Kiwiko cha Fundi

Mjinga wa siku zile alikuwa Fundi mwenyewe, na hapendi mtu mwingine amsemee. Ukikaa kwenye benchi la kibanda chake cha kufuli na funguo, ukamkuta moyo wake mweupe na kazi si nyingi, atakwambia mwenyewe: "Nilikuwa bwege, tena bwege wa kuhitimu." Atacheka mpaka miwani imteremke puani. Lakini wakati wenyewe hakucheka hata kidogo. Wakati wenyewe alikuwa mpelelezi.

Upelelezi ulianzia kabatini, Jumapili moja, alipokuwa akitafuta soksi. Nyuma ya mablanketi alikuta mfuko wa nailoni, na ndani yake mashuka manne meupe na taulo sita, vyote vimepigwa pasi vikakunjwa pembe kwa pembe, utadhani vya hoteli. Havikuwa vya nyumba ile. Mashuka ya nyumba ile yalikuwa na maua yaliyofifia, na moja lilikuwa na tundu. Fundi akanusa. Vilinukia sabuni, na chini ya sabuni palikuwa na harufu nyingine ya mafuta, kama ya majani ya mkaratusi.

Mkewe alikuwa mpiga pasi kwa dobi mmoja mtaa wa pili. Huu ulikuwa mwaka wa pili akiumwa: leo shingo, kesho mabega, keshokutwa kiuno na mapaja, siku nyingine vyote kwa pamoja kama vimeitana mkutano. Analala asilale, anaamka amechoka kuliko alivyokwenda kulala. Alipimwa damu, safi. Akapigwa picha, safi. Mwishowe daktari mmoja mwenye subira akamwandikia jina la ugonjwa kwenye karatasi: fibromailjia. Akamwambia ugonjwa huo upo kweli ingawa hauonekani kwenye picha, atembee kidogo kidogo kila siku, alale kwa saa zilezile, na akipata mtu anayejua kukanda kwa upole, akakandwe.

Fundi aliisoma karatasi ile mara tatu, akairudisha mezani. Kwa maoni yake, ugonjwa wenye jina refu vile, na usiotaka kupigwa picha, ulikuwa na kila dalili ya utapeli.

"Kukandwa?" alisema siku hiyo. "Kwani wewe unga?"

Habari ya kukandwa haikutajwa tena nyumbani mle.

Sasa Fundi alikuwa ameshika shuka la watu, na kilichomchoma zaidi hakikuwa harufu. Kilichomchoma ni shati. Mwezi mzima mkewe alikuwa akimwambia akitoka kazini mikono inawaka moto, hawezi kumpigia shati pasi, na Fundi akawa anakwenda kibandani amekunjamana kama risiti ya zamani. Kumbe mikono hiyohiyo ilikuwa na nguvu za kunyoosha mashuka manne!

Akatoka nayo hadi jikoni. "Ya nani haya?"

Mkewe alikuwa ameketi kwenye kigoda, akichambua mchicha taratibu, jani moja moja. "Ya kazini."

"Tangu lini nguo za kazini zinalala kwangu?"

"Tangu ulipoziona."

"Na harufu hii?"

"Nguo chafu zina harufu, mume wangu. Ndiyo maana zinafuliwa."

Jibu lilikuwa kamili mno. Fundi alikuwa amefungua vitasa vya watu miaka ishirini na mitatu, na alijua kwamba mlango unaofunguka kirahisi vile una kitu nyuma yake.

*

Dada yake mkubwa alikuwa akiuza vitambaa hatua kumi kutoka kibandani. Jumatatu asubuhi Fundi alimweleza yote, akitumaini ataambiwa aache upuuzi. Dada akaweka mkasi chini.

"Mashuka manne?" aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia idadi ya majeruhi.

"Na taulo sita."

"Mafuta?"

"Ya mkaratusi."

"Mdogo wangu, hiyo si nguo ya kazini. Hiyo ni gesti nzima imo kabatini mwako."

"Dada, usinitie wazimu."

"Sikutii. Mimi nahesabu tu. Wifi yangu nampenda, ni mtu mwema, hana maneno. Lakini Alhamisi anatoka kazini saa tisa, nyumbani anafika saa kumi na mbili. Kutoka kwa dobi hadi kwako hata kobe anatumia robo saa. Anaumwa kila mahali, isipokuwa miguu ya Alhamisi."

Fundi akacheka. Kisha akaacha kucheka. Jambo la Alhamisi lilikuwa kweli, na kulikuwa na jingine ambalo hakumwambia dada yake: Alhamisi jioni mkewe hurudi na uso uliolegea, anakula, analala fofofo, na Ijumaa asubuhi humsikia akiimba kwa kunong'ona bafuni. Mgonjwa gani anaimba Ijumaa tu?

*

Alhamisi hiyo Fundi alifunga kibanda mapema, akamfuata mkewe kwa mbali, akijificha nyuma ya nguzo ambazo hazikumtosha tumbo. Mkewe alikuwa na ule mfuko wa nailoni. Hakugeuka hata mara moja. Alipita mbele ya duka la madaftari, akaingia mlango wa pembeni, akapanda ngazi akishika ukuta, akipumzika kila baada ya ngazi tatu. Fundi alihesabu ngazi kumi na nane na mapumziko sita. Hata hapo hakujiuliza ni mwanamke gani anakwenda kwenye starehe kwa kupumzika mara sita njiani.

Juu palikuwa na ukumbi mwembamba, benchi, na mlango wenye karatasi iliyobandikwa: "Ukandaji wa Tiba. Bisha, usisukume." Kitasa kilikuwa cha zamani, chenye tundu kubwa la ufunguo. Fundi alivijua vitasa vya aina hiyo kama anavyozijua kucha zake. Akapiga goti, akaweka jicho.

Hakuona mwanamume. Aliona mwanamke mnene mwenye aproni, wa makamo, mikono mipana kama ya mkata magogo. Aliona mkewe amelala ubavu juu ya kitanda chembamba, amefunikwa mojawapo ya yale mashuka meupe, mto katikati ya magoti. Moyo wa Fundi ulishuka ukakaa mahali pake. Akatazama zaidi, ukaanza kupanda tena.

Kwa maana yule mwanamke mwenye mikono ya kuvunja mawe hakuwa akikanda chochote. Alikuwa ameweka viganja begani, amenyamaza. Baada ya muda akavisogeza, taratibu, kama mtu anayenyoosha kitambaa mezani. Basi.

"Hapa, kati ya kumi, ni ngapi?" aliuliza.

"Nne," mkewe alijibu.

"Tunaishia hapo. Hatuvuki nne."

Hatuvuki nne! Fundi nusura agonge kichwa mlangoni. Mchezo huo aliujua, maana aliwahi kuucheza. Miaka ile ya njaa, mteja akileta kitasa kilichokwama, Fundi alikuwa akikisafisha, akikitia mafuta, na springi iliyochoka akiiacha ndani hivyohivyo. Baada ya miezi mitatu mteja anarudi, analipa tena na kushukuru. Sasa ndiyo yale yale: huyu mama anamshika mtu kidogo, maumivu anayaacha ndani, ili Alhamisi ijayo yampandishe ngazi tena.

"Baba, umepoteza kitu?"

Nyuma yake alikuwa amesimama bibi mmoja mwenye fimbo na miwani, mkao wa mwalimu mstaafu.

"Naangalia kitasa," Fundi alisema, bado goti likiwa chini. "Mimi fundi."

"Kimeharibika?"

"Hapana."

"Basi foleni iko kwenye benchi. Wa kuchungulia wanaketi mwisho."

Fundi alishuka ngazi kumi na nane bila kupumzika hata mara moja.

*

Jioni ile alimngoja mkewe na maji ya moto, taulo, na chupa ya mafuta ya nazi.

"Nimefikiri," alisema. "Daktari alisema ukandwe. Basi nikukande mimi. Kwani mume ni wa nini?"

Mkewe alisimama mlangoni bila kuvua viatu. Akamtazama Fundi, akaitazama chupa, na macho yake yakajaa maji ghafla. Miaka miwili alikuwa akingoja neno la namna hiyo. Angeweza kusema kwamba leo ameshakandwa. Hakusema. Alijilaza kifudifudi kitandani, akasema tu, "Polepole lakini."

"Polepole ndiyo inayokuchelewesha," Fundi alisema moyoni.

Alianza kwa viganja. Alipopata fundo karibu na bega, akalifurahia kama mtu aliyekuta pini ya kitasa iliyokwama. Pini iliyokwama huibembelezi. Akapandisha goti kitandani, akaweka kiwiko, akakiegemea kwa uzito wa mwili wake wote.

Mkewe alipiga yowe.

"Ndiyo penyewe hapo!" Fundi alisema. "Vumilia, linatoka."

"Acha!"

"Kidogo tu."

"Acha! Nakwambia acha!"

Aliacha, jasho likimtoka, akiwa na fahari ya mtu aliyefanya kazi bila kubakiza. "Kesho utaniambia," alisema.

Kesho yake mkewe hakuweza kuinua kijiko. Shuka likimgusa bega, anakunja uso. Hakwenda kazini Ijumaa. Hakwenda Jumamosi. Asubuhi hiyo ya Jumamosi msimamizi wa pale kwa dobi alimtuma mfanyakazi mmoja aje na ujumbe, naye akausema palepale mlangoni, mbele ya majirani waliokuwa wakianika nguo: "Amesema, mama, Jumatatu usipofika, meza yako ya pasi anapewa mwingine. Amesema hawezi kuajiri mtu anayeumwa kwa zamu."

"Mwambie nitakuja," mkewe alijibu kutoka kitandani.

"Utakujaje?" Fundi alimuuliza mlango ulipofungwa.

"Ningekuwa mzima Ijumaa. Kila baada ya Alhamisi huwa mzima."

"Mzima! Kumbe huyo mama wa mashuka ndiye anakufanya mzima? Nilikuona. Nilikufuata. Anakupapasa kama paka!"

"Ulinifuata," mkewe alisema. "Ukaona ninapokwenda. Kisha ukarudi nyumbani kunichemshia maji."

Mtu akikosa neno nyumbani huenda kulitafuta nje. Fundi akachukua kofia yake.

*

Mpango wake ulikuwa mzuri, kwa hesabu zake. Atakwenda kama mgonjwa. Atakandwa. Ataona kwa mwili wake mwenyewe jinsi yule mama anavyopapasa watu, kisha atamfunua mbele ya foleni nzima.

"Karibu, baba," alisema yule mwanamke, ambaye wateja walimwita Mama Mikono. "Una shida gani?"

"Mgongo. Mimi dereva wa lori."

"Una ugonjwa wowote? Mifupa, presha, sukari? Hospitali wamekukataza kitu?"

"Mimi mzima kama chuma."

"Unapenda nguvu au upole?"

Fundi alitabasamu. Mtego huu hapa. "Nguvu. Zote ulizonazo. Mimi si mtu wa kupapaswa."

"Ikizidi, sema acha. Hapa ukisema acha, naacha."

Ilizidi baada ya dakika moja. Mikono ile mipana ilimshika mabega kama inayatafutia mahali pengine pa kukaa. Ikashuka kando ya uti wa mgongo, ikakuta misuli ya mtu aliyeinama juu ya vitasa miaka ishirini na mitatu, ikaisimamisha mmoja mmoja na kuihoji. Fundi alijikaza kisabuni. Angesema acha, lakini angemwambiaje acha mtu ambaye yeye mwenyewe alikuja kumwumbua kwa ulegevu? Aliuma shuka. Lilikuwa na harufu ya sabuni anayoijua, na pembe zilizonyooka. Na Mama Mikono alipoweka kiwiko chini kidogo ya bega, mpelelezi akalia, kwa sauti, "Mama yangu wee!"

"Niache?"

"Kumbe unajua!" Fundi aliruka akaketi, machozi yakimtiririka, taulo likining'inia kiunoni. "Kumbe nguvu unazo! Mimi umenivunja, mke wangu unampapasa! Unamwachia maumivu ndani ili arudi!"

Mama Mikono alijifuta mafuta polepole. Alimtazama Fundi vidole, vyeusi kwa vumbi la chuma, vidole ambavyo havikuwahi kushika usukani wa lori.

"Kumbe kile kiwiko ni chako," alisema.

Nje, kwenye benchi, mtu alikohoa. Fundi akavuta taulo.

"Mkeo alinipigia simu jana," Mama Mikono akaendelea. "Alikuwa analia. Hakutaja mtu, alisema tu kuna kiwiko. Sasa nisikilize, fundi, maana lori huna. Wewe nimekukanda mwili ambao ukiguswa unahisi umeguswa. Wa mkeo ni kama redio iliyokwama kwenye sauti ya juu. Unachoita kupapasa, kwake ni kelele ya kutosha. Ukiongeza, hapaponi kitu, panapasuka spika. Kwa hiyo namuuliza kila pahali ni ngapi, na tukifika nne nasimama."

"Na atapona lini?"

"Mimi siponyi, na sikumwahidi. Namsaidia alale. Akilala siku tatu nne, anasimama kwenye pasi. Ndiyo yote."

"Na unamtoza kiasi gani?"

"Hatupeani hela. Ananifulia mashuka na taulo, mimi namkanda. Anapiga pasi moja anapumzika, moja anapumzika. Nguvu kidogo zinazombaki jioni ndizo anazonunulia usingizi."

Fundi akakumbuka mashati yake, akatamani kulirudia lile shuka alifunike usoni. Alivaa kimyakimya. Alipojaribu kuinama afunge kamba za viatu, mgongo ulikataa katakata, akatoka amezikanyaga. Kwenye benchi, yule mwalimu mstaafu alimsogezea fimbo yake apite.

"Kitasa kimefunguka, baba?" aliuliza.

*

Nyumbani alimkuta dada yake ameketi pembeni mwa kitanda, amekuja kumtazama mgonjwa, na kutazama kwake kulikuwa na masikio. Mkewe alikuwa ameegemea mito miwili.

"Siku ya pili leo, wifi," dada alikuwa akisema. "Kitanda kitaota mizizi. Na hao madaktari hawakuona kitu, sivyo?"

Hapo Fundi akaingia, amepinda kama bawaba, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukutani.

"Yallah!" Dada aliruka. "Mdogo wangu! Umefanyaje?"

"Mgongo."

"Pole! Pole jamani! Kaa hapa, la, usikae, lala! Ngoja nichemshe maji. Maskini, angalia uso ulivyomsawajika!" Akakimbilia jikoni, masufuria yakaanza kugongana.

Mkewe alisogea ukutani, akampisha. Fundi akajishusha kitandani kwa awamu, kama mzigo unaoshushwa kwa kamba.

"Nimetoka kwa Mama Mikono," alisema akiitazama dari.

"Najua. Amepiga."

"Amesema nini?"

"Amesema kuna dereva wa lori kasahau kofia."

"Amenieleza. Mashuka, redio, yote. Sikatai. Nilikosea, lile la kiwiko nilikosea sana."

"Jumatatu nitasimama kazini, hata kwa kushika meza," mkewe alisema. "Na Alhamisi nitakwenda kwake. Sikuombi ruhusa, nakuarifu."

"Nani amekukataza? Nenda." Angeishia hapo angekuwa salama. Lakini Fundi hakuwa mtu wa kuacha mlango nusu wazi bila kuingiza kichwa. "Ila tuongee kama watu wazima, mke wangu. Kiwiko kimoja, siku mbili kitandani? Shuka linakugusa unalia? Tuko wawili hapa. Hujatia chumvi hata kidogo? Hata robo kijiko?"

Mkewe aligeuka, kidogo kidogo, mpaka wakatazamana.

"Na wewe, mgongo unauma?"

"Unauma vibaya."

"Kweli?"

"Mbona unaniuliza hivyo? Nimekwambia unauma! Unataka nikuapie?"

"Hapana, mume wangu. Umesema unauma, nami nimekuamini hapohapo. Umeniona nimepungukiwa na nini kwa kukuamini?"